Eti Alisema Einstein

Nina ugomvi na marehemu kadhaa maarufu, na kosa si lao. Kosa ni la watu walio hai, tena wenye simu zenye chaji, ambao hawawezi kumwambia mtu neno la maana mpaka wamtafute marehemu wa kulibandika. Mwambie mtu "kunywa maji", atakuangalia tu. Mwambie "Einstein alisema kunywa maji", atatoa daftari.

Kazini kwetu tulipelekwa semina ya kuongeza tija. Unazijua hizo: ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho, chai na half-keki saa nne, mfuko wa karatasi wenye kalamu isiyoandika. Mhamasishaji alikuwa kijana wa suti ya bluu inayombana na viatu bila soksi. Akatembea mbele yetu kimya, akasimama, akashusha sauti: "Albert Einstein alisema, wendawazimu ni kufanya jambo lilelile kila siku huku ukitegemea matokeo tofauti." Ukumbi ukaguna. Mama wa masijala aliyekaa pembeni yangu akaguna mara mbili, na nikamwona anaandika.

Einstein alifariki mwaka 1955. Maneno hayo hayamo katika maandishi yake wala hotuba zake. Yanapoanza kuonekana ni mwaka 1981, katika maandiko ya Narcotics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya. Miaka miwili baadaye, 1983, mwandishi wa Marekani Rita Mae Brown akayaweka karibu hivyohivyo katika riwaya yake ya wacheza tenisi, Sudden Death, na humo ndani yanadaiwa kusemwa na mwanamke mmoja wa kubuni. Kwa hiyo sisi watu wazima wa idara ya manunuzi, wenye presha na mikopo ya benki, tulikuwa tumekaa pale tunanasihiwa kwa maneno ya kumtoa mtu kwenye heroini, au ya mwanamke wa riwaya ambaye hakuwahi kuzaliwa. Na tulikuwa tunaguna.

Wakati wa chai nilimfuata. Nikamweleza kwa upole, maana kijana hana kosa la kipekee.

"Mzee wangu," akanijibu, "cha msingi ni ujumbe."

"Basi mtoe Einstein, tubaki na ujumbe."

Akanitazama kwa huruma. "Nikimtoa Einstein, mzee, nani atanisikiliza?"

Alikuwa mkweli, nikamsamehe suti. Ila tangu siku ile siwezi kusikia "cha msingi ni ujumbe" bila kutaka kumwuliza msemaji kama cheki ya mshahara wake nayo inaweza kuandikwa jina la mtu mwingine, maadamu cha msingi ni hela.

Utaratibu wa wizi huu unajulikana. Mtangazaji Mwingereza Nigel Rees, aliyeanza kuendesha kipindi cha nukuu katika redio ya BBC mwaka 1976, aliuita kwa jina la Churchill: nukuu isiyo na mwenyewe, au ambayo mwenyewe hajulikani, huteleza kidogokidogo mpaka ikatua mapajani mwa Winston Churchill. Mwenye nacho huongezewa. Churchill alisema mengi sana kwa kinywa chake, hakuwa na upungufu, lakini dunia imeendelea kumchangia. Kuna ule usemi kwamba uongo huwa umeshazunguka nusu ya dunia wakati ukweli bado unatafuta viatu. Wengine wanampa yeye, wengine wanampa Mark Twain. Jonathan Swift alikwisha kuandika wazo la jinsi hiyo mwaka 1710, la uongo unaoruka na ukweli unaofuata nyuma ukichechemea. Yaani hata usemi wa kuulalamikia uongo unasafiri kwa hati za kughushi.

Anayeniuma zaidi ni Evelyn Beatrice Hall. Kila penye mjadala wa uhuru wa maoni, kuanzia bungeni mpaka kijiwe cha kahawa, haipiti dakika kumi kabla mtu hajatamka kwamba Voltaire alisema: sikubaliani na unachosema, lakini nitatetea mpaka kufa haki yako ya kukisema. Voltaire alifariki mwaka 1778. Maneno hayo aliyaandika Bi Hall katika kitabu alichokichapisha mwaka 1906 kuhusu Voltaire na rafiki zake. Alikuwa anaeleza msimamo wa mzee kwa ufupi, kwa maneno yake mwenyewe, akayazungushia alama za mtajo. Alama zile ndizo zilizommaliza. Wasomaji wakadhani anamnukuu. Na kama vile hasara hiyo haikutosha, kitabu chenyewe alikitoa kwa jina la kubuni, S. G. Tallentyre. Sentensi moja imetembea dunia nzima, mwanamke aliyeitunga amefichika mara mbili, na mwanamume aliyekuwa kaburini miaka 128 ndiye anayepigiwa makofi. Nikimsimulia mke wangu habari hii hashangai hata kidogo. Ananiuliza tu kama nakumbuka ni nani hasa alitoa wazo la kununua kiwanja cha Chanika, ambalo nimekuwa nikilisimulia kwa wageni kama langu. Nabadilisha mazungumzo.

Tuje kwenye mahafali. Siku hizi kila mtoto ana mahafali. Hata wa chekechea anavishwa joho na kofia ya pembe nne inayomfunika macho. Na kila mahafali yana mgeni rasmi, na kila mgeni rasmi ana karatasi, na kwenye karatasi pana Nelson Mandela anayesema kwamba tunachokiogopa zaidi si unyonge wetu bali ukubwa wa nguvu tulizonazo. Mgeni rasmi hukwambia Mzee aliyasema siku ya kuapishwa kuwa rais. Hotuba ya Pretoria, ya tarehe 10 Mei 1994, ipo, na si ndefu. Pekua mstari kwa mstari, hutayakuta. Yamo katika kitabu cha Marianne Williamson, mwandishi Mmarekani wa mambo ya kiroho, A Return to Love, kilichotoka mwaka 1992. Bi Williamson baadaye alitafuta uteuzi wa kugombea urais wa Marekani, hakuupata. Sishangai. Hata kwa hotuba yake mwenyewe kura zilikuwa zinaenda kwa Mandela.

Na hili ndilo linalonichemsha: Mandela hana shida ya maneno. Mtu aliyekaa gerezani miaka 27, aliyesimama kizimbani katika kesi ya Rivonia mwaka 1964 akatamka mbele ya hakimu kwamba yuko tayari kufa, unamwazima maneno ya nini? Lakini ya Rivonia yana kifo ndani yake, na mgeni rasmi anajua watoto wana keki ya kukata.

Mahatma Gandhi naye yamemkuta. Lile la "kuwa wewe mwenyewe badiliko unalotaka kulishuhudia duniani", lililochapwa kwenye fulana za kila mtu aliyekuja kujitolea Moshi kwa wiki tatu, halimo katika maandishi yake kwa sura hiyo. Kilicho karibu nalo ni maelezo marefu aliyoyaandika mwaka 1913 alipokuwa bado Afrika Kusini, katika gazeti lake la Indian Opinion, kwamba tukijibadilisha sisi, mwelekeo wa dunia nao ungebadilika. Yalikuwa ndani ya mfululizo wa makala za afya, katika sehemu inayozungumzia kuumwa na nyoka. Nyoka, kwa sababu wanazozijua watengeneza fulana, hawakuchapwa.

Marie Antoinette nitampitia haraka kwa sababu kesi yake ilikwisha hukumiwa vibaya mara moja. Eti aliambiwa watu hawana mkate, akajibu wale keki. Jean-Jacques Rousseau ndiye aliyesimulia kuhusu binti mfalme fulani, bila kumtaja jina, aliyesema wale brioche, ule mkate laini wa siagi na mayai. Aliandika hayo katika miaka ya 1760, Marie Antoinette akiwa mtoto mdogo kwao Austria; Ufaransa alifika mwaka 1770. Kwa hiyo msidhani ni maneno mazuri peke yake yanayomtafuta mwenye jina. Hata upuuzi una mtu wake aliyeandaliwa.

Sasa mpaka hapo, angalau wanaoibiana ni watu wenye majina. Bi Hall anaporwa na Voltaire. Kuna mwizi, kuna aliyeibiwa, polisi wanaweza kufungua jalada. Shida yangu kubwa ni nukuu ambayo Mzungu ameitafutia mwenyewe akamkosa, akachoka, akaandika chini yake: "Methali ya Kiafrika".

Nenda ofisi yoyote ya mashirika yasiyo ya kiserikali, Mikocheni au Westlands au Kampala. Ukutani pana picha ya mbuyu na jua linazama, na maandishi kwa Kiingereza: ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kwenda mbali nendeni pamoja. Chini: methali ya Kiafrika. Al Gore aliisema Oslo mwezi Desemba 2007 alipokuwa anapokea Tuzo ya Nobel ya Amani, akaiita methali ya kale ya Kiafrika, dunia ikatikisa kichwa. Mimi nauliza swali moja la kijinga: ya Waafrika gani? Kwa lugha ipi? Bara lina lugha zaidi ya elfu, na mtu anayesema "methali ya Kiafrika" hana hata moja mkononi. Mbona hakuna "Methali ya Kizungu"? Mngoni hawezi kusimama Oslo akasema, "Wazungu wana usemi wao wa kale," akapigiwa makofi. Ataulizwa: Wareno au Wafini?

Halafu kuna ile ya ardhi: hatukuirithi kutoka kwa wazazi wetu, tumeikopa kwa watoto wetu. Hii nimeikuta inaitwa methali ya Kenya. Nimeikuta pia ni ya Wahindi Wekundu. Ukweli wake unakwenda kwa Wendell Berry, mkulima na mwandishi wa Kentucky, aliyeandika wazo hilo mwaka 1971, na kwa Moss Cass, waziri wa mazingira wa Australia, aliyelitia katika hotuba yake Paris mwaka 1974. Wakenya hawakuhusishwa katika hatua yoyote. Na ukimfahamu Mkenya na kiwanja, utajua kwamba ardhi kwake si ya kukopwa kwa mtoto wala kwa mtu mwingine. Ina hati, ina ukuta, na ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba haiuzwi.

Kinachochekesha ni kwamba methali zetu za kweli zimekaa palepale, hakuna anayezichukua. Hillary Clinton alipotoa kitabu mwaka 1996 alikipa jina kutokana na usemi kwamba kumlea mtoto kunahitaji kijiji kizima, nao pia ukaitwa wa Kiafrika bila anwani. Sisi tuna "mkono mmoja haulei mwana". Fupi, ina mdundo, haihitaji picha ya mbuyu. Mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa alichapisha mkusanyo wa misemo ya Waswahili London mwaka 1891. Mtu angeweza kwenda maktaba akaazima. Hapana. Wanatutungia mpya, wanatuletea, na sisi tunazitundika.

Lakini nisiwaonee Wazungu tu, maana na sisi tuna Einstein wetu. Anaitwa Wahenga. Wahenga hawana picha, hawana tarehe ya kufa, hawana mjane wa kwenda redioni kukanusha. Kwa hiyo wamesema kila kitu. Wahenga walisema biashara matangazo. Wahenga walisema mteja ni mfalme. Juzi mwendesha bodaboda aliyenipitisha njia isiyo yake aliniambia wahenga walisema muda ni mali. Wahenga gani hao waliokuwa na haraka? Ninaowajua mimi walisema haraka haraka haina baraka, tena kwa sauti ya mtu aliyekaa chini ya mwembe na hana mahali pa kwenda.

Khanga zina adabu kuliko sisi. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilitoka na alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Ni chapa ya mfanyabiashara, najua, si ya mtunzi wa jina la khanga. Lakini jirani akikurushia fumbo kwa khanga mpya, angalau pana Abdulla wa kuanzia kuuliza.

Na Mwalimu Nyerere jamani. Hotuba yake ya mwaka 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera imerekodiwa. Sauti ipo, mtoto anaweza kuisikiliza kwenye simu. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Hapo hakuna wa kubishana. Na bado watu wanavyoinukuu kwenye sherehe, nia imetangulia, uwezo umekuja mwisho, "kumpiga" limepotea njiani, na mzungumzaji anaitumia kuhamasisha ujenzi wa choo cha shule. Kama mwenye mkanda wa sauti anatendewa hivi, mwenzangu na mimi tutasalimika vipi? Mwalimu alifariki mwaka 1999, lakini kwenye kundi la ukoo ameshatuonya kuhusu mitandao ya kijamii mara nyingi kuliko binti yangu.

Kama kuna mahali ambapo msemo mkubwa wa dunia ulizaliwa kwetu, ni Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa New York Herald, anafika na msafara wake, anavua kofia, anasema: Dk. Livingstone, nadhani? Watalii bado wanakwenda kwenye makumbusho pale kusimama na kujirudishia maneno hayo. Kwanza swali lenyewe. Mzungu mmoja mzee, ndiye peke yake mjini, umetembea miezi tangu Bagamoyo unamtafuta yeye, halafu unauliza? Pili, Livingstone hakuyataja maneno hayo katika barua zake. Tatu, kurasa za shajara ya Stanley za kukutana kule zilichanwa, na Tim Jeal, aliyeandika wasifu wake, anaona huenda aliyatunga baadaye ili asikike muungwana.

Ila kuna jambo ambalo Stanley mwenyewe ameliandika na hakuna aliyelichapa kwenye kikombe. Kabla hajamwona Livingstone, katikati ya zogo la watu na milio ya bunduki, mtu alimsalimia kwa Kiingereza safi, habari za asubuhi bwana. Stanley akashtuka, akageuka, akamkuta mtu wa kanzu nyeupe na kilemba cha merikani kichwani. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Akafuata Chuma, naye akasalimia. Yaani salamu ya kwanza ya siku ile, ya adabu, yenye mashahidi, isiyo na ukurasa uliochanwa, ilitoka kwa Susi. Mwaka mmoja na nusu baadaye Livingstone akafia kijijini kwa Chitambo, na haohao Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake mpaka pwani, Bagamoyo. Kama kuna mtu alistahili fulana ni yule Susi. Lakini "habari za asubuhi" haina mvuto wa kutosha, na Susi hakuwa na gazeti.

Nayasema yote haya nikiwa na jeraha langu. Tuna harusi ya mpwa wangu, na mimi ni mjumbe wa kamati. Kwenye kikao, daftari la michango lilipofunguliwa tukakuta ahadi zimejaa na fedha hakuna, nilisimama nikasema: "Ndugu wajumbe, ahadi haipiki pilau." Watu walicheka, mwenyekiti akarudia, katibu akaandika kwenye muhtasari. Ni sentensi yangu. Niliitunga palepale kwa hasira.

Haikupita wiki, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kila alfajiri hutusambazia picha ya maua yenye hekima, akaileta kwenye kundi. Jua linachwea, maandishi ya dhahabu: "Ahadi haipiki pilau." Chini yake: Winston Churchill.

Nikampigia. "Shemeji, hayo maneno ni yangu. Ulikuwepo kikaoni."

"Nilikuwepo shemeji, lakini nilitoka kidogo kupokea simu. Hii nimetumiwa kutoka Mwanza."

"Churchill na pilau wapi na wapi?"

Akanyamaza kidogo, nikasikia anatafuta kitu. "Alikaa India akiwa askari kijana, shemeji. Nimeisoma hapa hapa. Pilau alikuwa analijua vizuri." Halafu, kwa sauti ya kunibembeleza: "Tena shemeji, usikasirike, lakini maneno mazito namna hii… Anyway, cha msingi ni ujumbe."

Jana mweka hazina wa kamati amenitumia picha ileile faraghani, jua, dhahabu, Churchill na vyote, na chini yake kiasi nilichoahidi na tarehe ya mwisho. Nimemjibu kwamba Churchill si mjumbe wa kamati hii.